Shajara ya mradi: kuitoa imeili ya chama kwenye simu ya mtu mmoja na kuileta ofisini

Jumatatu. Hali niliyoikuta

Kazi ya imeili ya AMCOS yetu ya kahawa, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, hapa Mbozi imeanza rasmi leo. Naandika hii shajara ili atakayekuja baada yangu ajue nini kimefanyika na kwa nini, maana shida tunayoitatua ndio hiyo hiyo, mambo ya chama kukaa kichwani mwa mtu mmoja. Chama kina mhuri, kina kabati la mafaili lenye kufuli, kina akaunti benki yenye watia saini, lakini imeili ya chama ni Gmail ya mzee aliyekuwa katibu kabla ya huyu mama wa sasa, yaani jina lake yeye ndio anwani. Wanunuzi wanaandika hapo, majibu ya sampuli yanaenda hapo, barua za afisa ushirika wa wilaya hapo hapo, na wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, wakiulizia mkataba wa msimu wa nyuma inabidi utafutwe kwenye simu ya mzee ambaye kashahamia Iringa anaendelea na kilimo chake.

Mzee hana kinyongo hata kidogo. Nimempigia, shikamoo, marahaba, akaniambia "mwanangu mimi kila zikija nawarushia, ila siku nikiwa shambani mtandao hamna." Na niseme wazi, bila huyu mzee chama kisingekuwa na imeili kabisa, alifungua kipindi ambacho ofisi nzima hakuna mwingine mwenye simu janja. Ila wakulima wote hawa kahawa yao haiwezi kusubiri mzee arudi kutoka shamba.

Kuna jambo la hatari zaidi na ndilo nimeanza nalo. Namba ya kurejeshea akaunti ni laini yake ya zamani ambayo haipo hewani tena. Laini ikikaa muda mrefu haitumiki kampuni ya simu inaifunga na namba inaweza kuja kuuzwa kwa mtu mwingine, sasa fikiria misimbo ya kufungulia imeili ya chama inaingia kwenye simu ya mtu ambaye hatumjui. Kinachotuokoa ni kwamba akaunti bado iko wazi kwenye simu ya mzee, kwa hiyo nimemwelekeza pole pole kwa simu, akaingia kwenye setingi za akaunti, sehemu ya usalama, akatoa namba ya zamani akaweka ya ofisi. Nimefanya hivi siku ya kwanza makusudi kwa sababu Google ukibadilisha namba ya kurejeshea, kwa siku 7 za mwanzo wanaweza bado kukupa chaguo la kutuma msimbo kwenye ile ya zamani, hivyo ukingoja mpaka siku ya kuhamisha ndio ubadilishe utakwama katikati ya kazi.

Jumanne. Kompyuta ya ofisi na saa yake

Ofisini kuna desktopu moja, RAM 4 GB, Windows 10, ipo kwenye meza ya dada mhasibu. Inawaka vizuri, Excel inafunguka, ila dada ameniambia "kaka hii mashine tovuti nyingi inakataa, inaandika muunganisho sio salama, tumeshazoea." Nikaangalia kona ya chini kulia, tarehe inasoma Januari 2015.

Hapa nakaa kidogo kwa sababu nimeliona hili kwenye ofisi nyingi na watu wanahangaika kubadilisha brauza, wanapiga simu mtandao, wengine wanaweka Windows upya, kumbe ni betri ya shilingi chache. Kwenye ubao mama wa kompyuta kuna kibetri cha duara kama cha saa, kinaitwa CR2032, ile 20 ni upana wa milimita 20 na 32 ni unene wa milimita 3.2, volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa ya mashine iendelee kutembea umeme ukikatika. Kikifa, kila ukichomoa waya au TANESCO wakikata, mashine inaamka na tarehe ya kiwandani. Sasa seva ya imeili au tovuti ya benki inapojitambulisha kwa kompyuta yako inaonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2015 ikiona cheti kilichoanza juzi inasema hiki bado hakijaanza kutumika, inakataa, na iko sahihi kukataa. Kwa hiyo hata ningeandika paswedi kwa usahihi namna gani programu ya imeili isingeunganika.

Nimeenda kwa fundi saa pale stendi nikanunua, nikachomoa waya wa umeme, nikafungua mfuniko wa pembeni, kile cha zamani kinatoka kwa kusukuma kilimi cha pembeni kwa kucha, kipya kinaingia upande wenye alama ya jumlisha ukiangalia juu. Nikawasha, nikaingia BIOS, zile setingi za mashine kabla Windows haijawaka, nikaweka tarehe na saa, halafu ndani ya Windows nikahakikisha majira ni ya Nairobi, saa tatu mbele ya saa ya dunia, maana ilikuwa imewekwa ya Marekani na barua zote zingeonyesha saa za ajabu. Nikachomoa waya wa umeme makusudi, nikakaa nikarudisha, tarehe ipo pale pale. Dada mhasibu akafungua tovuti ya benki bila onyo lolote, akapiga makofi.

Jambo la kupeleka kwenye bajeti: Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine hii haina kifaa cha usalama cha TPM 2.0 kinachohitajika na Windows 11. Nimeshaandika ombi kwa bodi, ama mashine nyingine ama niweke Linux Mint, mfumo wa bure wa kukaa badala ya Windows. Programu ya imeili niliyochagua inafanya kazi kote na folda lake linabebeka kutoka moja kwenda nyingine, kwa hiyo kazi ya sasa haitapotea.

Alhamisi. Anwani zitakuwaje

Leo tumekaa mimi, mama katibu na dada mhasibu. Wazo la kwanza lilikuwa tufungue Gmail nyingine ya bure yenye jina la chama, na kwa kweli kwa kikundi kidogo hilo linatosha kabisa, 15 GB za bure sio haba. Ila sisi tunaandikiana na wanunuzi wa nje, na tunataka anwani zinazobaki hata kama tukihama kampuni inayotunza barua. Tukaamua kusajili domeini ya .or.tz kwa jina la chama, yaani lile jina linalokaa baada ya alama ya @, na kulipia hostingi ndogo ya barua, yaani nafasi ya kukodi kwenye seva ya kampuni.

Nililosimamia kwa nguvu zote ni anwani ziitwe kwa cheo, sio kwa jina la mtu. Katibu, mhasibu, na moja ya maulizo ya jumla, basi. Mama katibu aliuliza mbona jina lake halimo, watu watajuaje ni yeye. Nikamwambia mama, jina lako litakaa mwisho wa barua kwenye saini, na siku ukipokea majukumu mengine atakayekaa kiti hiki atakuta barua zote zilizokuja kwa katibu zipo, bila kukupigia simu wewe usiku. Akasema hiyo ameielewa, iandikwe kwenye muhtasari wa bodi.

Lingine ni jina la mwenye domeini. Lazima liwe la chama, namba ya simu ya ofisi, sio mimi fundi. Nimeona vyama vinavyoshindwa kuhuisha domeini kwa sababu kijana aliyewasajilia alijiandika yeye kisha akahamia Dar. Na imeili ya mawasiliano ya ule usajili isiwe kwenye domeini hiyo hiyo! Maana siku domeini ikiisha muda wake barua za kukumbusha kulipa zinatumwa kwenye anwani ambayo nayo imekufa, umejifungia ndani na ufunguo uko nje. Kwa hiyo Gmail ya zamani haifi, inabaki kuwa anwani ya usajili na ya kurejeshea. Inabidi mtu aingie humo mara kwa mara, Google wana utaratibu wa kufuta akaunti isiyotumika miaka 2.

Jumatatu. Rekodi za domeini

Domeini imekubaliwa. Asubuhi nimeweka rekodi za MX, yaani maelekezo kwa dunia nzima kwamba barua za domeini hii zipelekwe kwenye seva fulani. Mabadiliko ya aina hii hayaonekani kila mahali kwa wakati mmoja, seva nyingine zinashika jibu la zamani kwa saa kadhaa, kwa hiyo ukituma jaribio ukaona kimya usianze kubomoa.

Mchana jaribio la kwanza kutoka anwani ya katibu kwenda Gmail yangu limefika lakini moja kwa moja kwenye spamu. Sababu naijua, SPF na DKIM bado. SPF ni mstari mmoja unaotaja ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina la domeini yako. DKIM ni saini ambayo seva inaibandika kwenye kila barua inayotoka na ufunguo wa kuihakiki unawekwa wazi kwenye rekodi za domeini. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza, kila anayetuma anatakiwa awe na angalau kimojawapo, na wanaotuma barua nyingi, kwa Gmail ni 5,000 au zaidi kwa siku, wawe navyo vyote pamoja na DMARC, yaani rekodi inayoieleza seva ya upande wa pili ifanye nini na barua isiyopita ukaguzi huo. Sisi hatufiki huko kabisa lakini nimeweka vyote vitatu, kwa sababu barua ya mkataba ikiishia spamu ya mnunuzi hakuna atakayetuambia.

Tahadhari kwa anayefuata: domeini inaruhusiwa kuwa na mstari mmoja tu wa SPF. Kampuni ya hostingi ilikuwa imeshaweka wa kwake, na maelekezo yanasema ongeza. Ukiongeza wa pili miwili yote inahesabika kosa. Kinachotakiwa ni kuunganisha ndani ya ule ule mmoja. DMARC nimeiweka kwenye hali ya kuangalia tu, p=none, inatuma ripoti bila kuzuia chochote.

Jioni jaribio la pili limeingia kwenye kikasha, na nikifungua maelezo ya ndani ya barua naona SPF, DKIM na DMARC zote zimeandikwa pass. Raha hiyo.

Jumatano. Kuweka Thunderbird

Kwenye desktopu nimeweka Thunderbird, ni programu ya imeili ya bure, toleo lake la 1.0 lilitoka 2004, haina matangazo na folda lake naliona nilipo. Unapoandika jina, anwani na paswedi inajaribu kutafuta setingi yenyewe, ikishindwa unaandika kwa mkono. Za kwetu ziko hivi, na nimezichapa karatasi nimebandika ndani ya mlango wa kabati: kupokea ni IMAP, poti 993, usalama SSL/TLS. Kutuma ni SMTP, poti 465, SSL/TLS. Kuna wengine wanapewa 587 kwa STARTTLS, nayo ni sawa. Jina la mtumiaji ni anwani nzima pamoja na alama ya @ na kinachofuata, sio neno "katibu" peke yake. Paswedi haimo kwenye hiyo karatasi.

IMAP na sio POP, hili naomba lisibadilishwe. POP kwa kawaida inashusha barua kwenye kompyuta moja na mara nyingi inazitoa kwenye seva, kwa hiyo mhasibu akisoma ofisini, simu yake haioni kitu, na mashine ikiibiwa barua zimeenda nayo. IMAP barua zinakaa kwenye seva na kila kifaa kinaangalia pale pale, ukisoma hapa kule inaonekana imesomwa, ukiihamishia folda kule imehamia. Kwenye simu ya mama katibu nimeweka Thunderbird ya Android, ile iliyotokana na K-9 Mail, setingi ni zile zile.

Suala la bando. Ofisi haina intaneti ya waya, wanawasha hotspoti ya simu, na siku ya kwanza tu programu ikiachwa inashusha kila kiambatanisho cha kila mtu. Nimeingia setingi za akaunti, sehemu ya usawazishaji na nafasi ya diski, nikaweka barua kubwa kuliko 50 KB isishushwe mpaka mtu aifungue mwenyewe. Sasa unaona nani kaandika na kuhusu nini, ukiona ni picha za shughuli ya mbio za mwenge unaiacha hadi baadae, ukiona ni mkataba unafungua.

Jumamosi. Mzee amekuja

Mzee alikuwa na safari ya huku kwenye msiba, akapitia ofisini. Nilimngojea kwa makusudi kwa sababu kwenye Gmail yake mna barua za chama na mna za kwake binafsi, za watoto, za matibabu, na sio haki yangu wala ya mama katibu kuzipekua. Tulikubaliana yeye akae kwenye kiti, aingie kwa paswedi yake mwenyewe, sisi tusimame upande wa pili wa meza.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Anatafuta anwani ya mnunuzi mmoja kwenye kisanduku cha kutafutia, matokeo yanakuja, anayachagua yote, anayabandika lebo ya "Chama". Anaenda kwa anayefuata, afisa ushirika, benki, wauza pembejeo, kiwanda cha kukoboa. Alikuwa anawakumbuka wote kwa majina na misimu, "huyu alituangusha kwenye bei, huyu alilipa siku ile ile." Mama katibu akawa anaandika kwenye daftari, nadhani lile daftari nalo ni mali ya chama sasa. Barua zake binafsi alizozihitaji akajirushia kwenye anwani yake nyingine kisha akazifuta humu, akalimwaga na kapu la takataka maana Gmail inavifuta vilivyomo baada ya siku 30, hakutaka vikae muda wote huo.

Alipomaliza akaweka paswedi mpya iliyotungwa na mama katibu, tukawasha uthibitisho wa hatua mbili kwa namba ya ofisi, tukachapa ile misimbo 10 ya akiba, kila mmoja unatumika mara moja tu, ikaingia kwenye bahasha. Mzee akatoka kwenye akaunti kwenye simu yake mbele yetu. Mwenyekiti aliyekuwepo akamshukuru kwa miaka yote ile, na akamwomba akija tena apite.

Jumatatu. Kunakili barua za zamani

Nimeunganisha Gmail ya zamani na anwani mpya ya katibu ndani ya Thunderbird moja, zinakaa upande wa kushoto moja juu ya nyingine. Kwa Gmail programu inafungua dirisha la Google lenyewe unaingia humo, haitaki paswedi iandikwe kwenye setingi.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, lebo za Gmail zinaonekana huku kama folda, kwa hiyo barua moja yenye lebo ya Chama iliyopo pia kwenye kikasha inaonekana kwenye folda la Chama, kwenye kikasha na kwenye folda la barua zote. Ukinakili kila folda unaloliona utapata kila barua mara tatu na nafasi ya seva itajaa. Mimi nachukua folda la Chama peke yake, humo zimo zilizoingia na zilizotumwa. La pili, nachagua barua, nabofya kitufe cha kulia cha mausi, nachagua nakili na sio hamisha. Mtandao ukikatika katikati ya kunakili asili bado ipo.

Nanakili msimu kwa msimu, jioni watu wakishatoka, kwa bando la usiku. Kila msimu ukiisha nalinganisha idadi ya barua ya folda la kule na la huku zilivyoandikwa chini ya dirisha, zikilingana naendelea. Barua nzito ni zile za mikataba iliyoskaniwa, kurasa chache tu lakini zimeskaniwa kwa rangi kwa ubora wa juu kabisa. Hili nimeliongea na dada mhasibu: mkataba wa maandishi meusi skani kwa dpi 200, rangi ya kijivu, PDF moja yenye kurasa zote badala ya picha moja moja. Barua pepe haiwezi kubeba faili ghafi, inaligeuza kuwa herufi na katika kugeuza linanenepa kama theluthi moja, kwa hiyo faili la MB 24 ukidhani liko chini ya kikomo cha MB 25 linaweza kukataliwa na seva ya upande wa pili.

Ijumaa. Folda, na orodha ya wanachama

Folda tumezifanya chache: Wanunuzi, Bodi, Wilaya na Ukaguzi, Benki, Wanachama, na ndani ya kila moja kuna msimu. Nilikuwa na mpango wa folda nyingi zaidi, mama katibu akasema "mwanangu ukinipa vyumba ishirini mi nitaweka vyote sebuleni," na ana haki, kutafuta kwa neno kunafanya kazi nzuri kuliko folda nyingi. Ila kichwa cha barua kinasomwa na kutafutika, kwa hiyo tumekubaliana kila barua inayotoka iwe na msimu na jambo, mfano "Msimu wa 2025/26, malipo ya pili", na sio "habari" au "muhimu sana".

Nilichokikuta kwenye barua za nyuma kimenisumbua: orodha ya wanachama yenye majina, namba za simu, namba za akaunti benki na kilo za kila mtu, imetumwa kama kiambatanisho kwa watu wengi kwa mpigo, na anwani zote ziko wazi kwenye sehemu ya nakala. Hizo ni taarifa binafsi za watu, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini hata bila sheria, mkulima alitupa namba ya akaunti yake ili alipwe. Kuanzia leo orodha inatumwa kwa anayehusika tu, ina paswedi inayosemwa kwa simu, na tangazo la watu wengi linapita BCC, yaani nakala iliyofichwa, ili asiyehusika asipate namna ya kuwaandikia wengine.

Jumanne. Barua ya akaunti mpya

Leo dada mhasibu kaniita. Barua imeingia inayosema imetoka kwa msambazaji wa mifuko anayetudai, ankara yake tuilipe wiki hii, Kiswahili chake safi, nembo ipo, inasema akaunti yao ya zamani iko kwenye ukaguzi hivyo malipo yaende kwenye akaunti mpya, na haraka tafadhali. Kilichomshtua dada ni hilo neno haraka.

Tukaikuza anwani ya mtumaji. Kwenye jina la kampuni palipotakiwa kuwa na herufi m palikuwa na r na n zimebanana, kwa maandishi madogo ya skrini ile huwezi kutofautisha kabisa. Tukabonyeza Ctrl+U, Thunderbird inakufungulia barua ikiwa uchi, na kwenye mstari wa Reply-To kuna anwani nyingine tofauti kabisa ya bure. Dada akampigia msambazaji kwa namba iliyo kwenye mkataba, sio ile ya kwenye barua, wakasema akaunti yao haijabadilika na wao hawajaandika chochote.

Sasa imeandikwa ukutani juu ya kompyuta: badiliko lolote la akaunti ya benki halifanyiwi kazi kwa barua pepe peke yake, anapigiwa mhusika kwa namba tuliyonayo zamani, na wawili wanasaini kwamba wamesikia. Na nimeongeza ukubwa wa herufi wa Thunderbird, ni jambo la dakika moja lakini r na n sasa zinaonekana zimeachana. Mwenyekiti akataka barua ile ifutwe, nikamwomba tuitunze, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, na polisi wakihitaji wataihitaji nzima na vichwa vyake vyote, sio picha ya skrini.

Alhamisi. Nakala ya akiba

Nimenunua eksteno, yaani diski ya nje. Ukifungua menyu ya msaada ya Thunderbird, kwenye taarifa za utatuzi kuna kitufe kinachofungua folda la wasifu, humo ndio mna kila kitu, akaunti, anwani za watu, barua. Funga programu kwanza ndipo unakili folda zima.

Hapa setingi ya bando inagongana na akiba. Tulisema barua kubwa zisishushwe, maana yake mikataba haiko kwenye hii kompyuta, iko kwenye seva tu, na nakala ya folda ingebeba vichwa vya barua bila viambatanisho vyake. Kwa hiyo anwani ya katibu nimeiondolea kile kikomo cha 50 KB, nikachagua folda za Wanunuzi, Benki, na Wilaya na Ukaguzi zishushwe nzima, nyinginezo zibaki kama zilivyo. Nimeacha zimalizie usiku, asubuhi ndio nimenakili. Halafu nimechukua eksteno hiyo hadi kwenye laptop yangu, nikaweka Thunderbird, nikaielekeza kwenye lile folda, nikazima intaneti kabisa na nikafungua mkataba wa msimu uliopita. Umefunguka kurasa zote. Nikafuta kila kitu kwenye laptop yangu mbele ya mama katibu.

Eksteno inalala nyumbani kwa mwenyekiti, sio kabati moja na kompyuta. Dada mhasibu atanakili kila mwisho wa mwezi akishafunga hesabu.

Jumatatu. Makabidhiano

Mama katibu kafanya yote peke yake leo, mimi nimekaa mlangoni. Kawasha, kasoma, kamjibu afisa ushirika kwa kuambatanisha taarifa ya makusanyo, kaihamishia Wilaya, kaangalia spamu kama kuna barua halali imepotelea humo maana nilimwambia kila Jumatatu apitie. Gmail ya zamani inarusha kila kinachoingia kwenda kwa katibu na inamjibu mwandikaji kwamba chama kimehamia anwani mpya.

Paswedi zote ziko kwenye bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri juu ya gundi, ndani ya sefu. Kiti kikibadilika mtu, bahasha inafunguliwa kwenye kikao, paswedi zinabadilishwa siku hiyo hiyo, bahasha mpya inafungwa na muhtasari unaandikwa. Tarehe ya kulipia domeini iko kwenye kalenda ya ukutani na kwenye simu za watu watatu.

Yaliyobaki: bodi haijamteua atakayetunza bahasha, kikao ni Jumamosi. Anwani ya maulizo haina mtu wa kuijibu kila siku, nimependekeza dada wa mapokezi ya mzani. Wanunuzi wawili bado wanaandika Gmail ya zamani, mama atawapigia. Na DMARC naiacha hapo hapo kwenye none, nasoma ripoti mpaka mauzo ya msimu yaishe ndio niipandishe kwenda quarantine, yaani barua zisizopita ukaguzi zitengwe spamu, sitaki kugusa kitu wakati mikataba inatembea.